Paspoti ya Mutoto wa Uyoga

Kapesha, karibu na Nzilo
Tarehe 4 mwezi wa pili 1993

Kwa muipwa wangu Tshiela Huguette, Kolwezi

Muipwa,

Kabla ya yote, ukumbuke unaandikia nani. Mi Kabemba Gracien njo mutu ambaye bakubwa ba baraji ya Nzilo, ule ukuta wa kuzuia muto, hawafunguaka maji bila kutuma mutu kuniuliza: "Tata Kabemba, leo umekwisha kuvuka?" Nikisema bado, Lualaba yote inangoja. Mamba wenyewe wananijua. Iko mumoja muzee, nikipita anafunga kinywa kwa heshima.

Sasa maneno yako. Kasimu, mwenye kuendesha lori, alishusha barua pamoja na mufuko ya chumvi, akiwa bado hajazima kamio yake. Niliisoma mbele ya batu, kwa sauti, wapate kujua kwamba masista ba kule Zambia wanamuita muipwa wangu akajifunze kuzalisha bamama. Pale ulipoandika Kifaransa niliruka, si kwa kushindwa, ni kwa kuonea huruma wenye kusikiliza.

Kama nilisoma muzuri, masista wanataka ufike na paspoti mbele mwezi wa tano haujaanza, juu ya kuwa mwaka jana walimurudisha musichana mwenye alivuka bila yake. Na biro, ile ofisi ya Kolwezi, wanasema hakuna paspoti bila hati ya asili, yenye kuandikwa pale ulizaliwa, na kashe, ule muhuri wa serikali, juu yake.

Ni hiyo tu? Mi nilizani unaniomba kitu.

Wewe ulizaliwa hapa Kapesha, nyuma ya jiko ya bibi yako, siku ya mvua ya mawe. Mi njo nilisimama inje na kuiambia ile mvua ingoje kidogo. Ilingoja. Muulize mama Mianda, muke wangu, ijapokuwa wakati ule alikuwa bado hajaolewa na alikuwa mugini ingine, kijiji ya mbali.

Na ile maneno kwamba baba yako Kabeya ni mutu wa Kasai, isikuondolee usingizi. Kwetu mutoto ni wa tumbo. Mama yako Bilonda, Mungu amupumzishe, alikuwa mutu wa ukoo ya Uyoga sawa mi kaka yake. Basi wewe uko Uyoga, na mujomba njo mwenye mutoto. Kabeya ninamuheshimu, anajua kutengeneza motere ya mashini, lakini motere haina ukoo.

Tuma foto mbili. Usicheke mu foto. Serikali haipende mutu wa kucheka.

Mi mujomba wako,
Kabemba Gracien


Kolwezi, tarehe 21 mwezi wa pili 1993

Mujomba,

Salamu kwako na kwa mama Mianda. Foto ni hizi. Sikucheka. Haikuwa kazi ngumu.

Papa Kabeya waliisha kumuondoa ku kazi. Wanasema batu wote wa Kasai watoke huku Katanga, kila mutu arudi kwao. Papa alifika Kolwezi akiwa kijana hana ndevu, nywele imeota mvi mu atelie, karakana ya kampuni, na sasa anaulizwa kwao ni wapi. Ku mulango yetu waliandika kwa makaa: TOKENI. Papa alifuta na maji. Asubuhi ilikuwa imeandikwa tena. Mwandiko niliujua, mujomba. Ni wa jirani mwenye batoto wake nilikuwa ninawasaidia ku masomo.

Sasa tunalala ku gare, kituo ya treni, pamoja na wengine wengi, tunangoja treni ya Kasai. Papa amefunga bitu yetu mu mashuka, kila asubuhi anafungua na kufunga tena, ili mikono ipate kazi. Mi Kasai sijafikaka hata siku moja. Luga ya kule ninaisikia nusu nusu, kama redio yenye batri imechoka. Wakati nilienda kuomba paspoti, bwana wa pale aliangalia jina ya papa, akasema niende kuitafuta Kasai. Ni mwenzake wa nyuma, mama mumoja, aliniita pembeni na kuniambia habari ya hati ya asili. Anasema nikiileta, yeye mwenyewe atapokea karatasi zangu.

Mujomba, ninakupenda na hadithi zako. Mama alikuwa anazisimulia akichambua maharagi, na sisi tulikuwa tunacheka. Lakini hii mara ninakuomba uniambie tu: karani wa kule kwenu, unaweza kupata hati kwake, ao hapana? Treni ikifika kabla ya hati, nitapanda, na masista watachukua mwengine.

Papa anakusalimia. Anasema motere haina ukoo, lakini inapigaka kelele kidogo kuliko mashemeji.

Muipwa wako,
Tshiela


Kapesha, tarehe 6 mwezi wa tatu 1993

Muipwa,

Karani nimekwisha kumuona. Maneno imekwisha kuiva, inabaki kupakua tu.

Nilienda ku biro ya mutemi kwa miguu, juu kinga yangu, ile baiskeli, ilipasuka mupira. Njiani nilikutana na kiboko imelala katikati ya barabara. Niliiambia niko na safari ya serikali. Ilisogea.

Karani anaitwa Mukalay, mutu mwembamba, miwani imefungwa na uzi. Nilimueleza yote. Alinisikiliza muzuri sana. Hakukataa. Alisema tu hapana.

Alisema anakuandika nani, mutoto wa Kabeya? Kumetoka maneno ya juu: mwenye kumupa mutu wa jina ya Kasai hati ya hapa atapoteza kazi, pengine na kitu ingine zaidi ya kazi. Nilimuambia hati haiulize baba anatoka wapi, inauliza mutoto alizaliwa wapi, na wewe ulizaliwa Kapesha, mugini yote inajua. Akasema na yeye anajua. Akaangalia dirisha.

Nikatoka. Sasa sikia akili ya mujomba wako. Pale mulangoni alikuwa mama muzee mwenye kuuza mihogo, akamuita Mukalay kwa kumuomba nafasi kivulini: "We mwana wa Mvua." Nikasimama. Mvua! Mbele ya batu wote nikarudi ndani, nikamwambia, kumbe ni wewe, Mvua, njo maana biro yako inanuka matope.

Batu wakageuka kutuangalia. Mukalay akatoa miwani, akaipanguza polepole. Akasema na wewe Uyoga, uliota hapa kwa ruhusa ya nani? Bila mi kunyesha, mama yako angekuzaa wapi? Nikasema bila uyoga, mvua inanyeshea nani, inalowesha mbuzi tu. Mama wa mihogo alicheka mpaka akaangusha kikapo.

Wewe ulikomalia mujini, pengine Bilonda hakukufundisha hii. Batu ba Mvua na batu ba Uyoga ni batani tangu zamani. Mutani unamutukana na hakasirike. Unachukua kitu yake mbele ya macho yake, na hawezi kukataa. Akikasirika, ameaibisha ukoo yake yote. Na siku ya kufa, mutani njo anakuchimbia shimo, akikutukana mpaka udongo inajaa.

Basi hati ni sawa iko mu mufuko. Iko tu kaneno kamoja kadogo kamebaki. Vumilia.

Mujomba wako mwenye batani bakubwa,
Kabemba Gracien


Kolwezi, tarehe 19 mwezi wa tatu 1993

Mujomba,

Hako kaneno kadogo ni kashe?

Treni ilikuya juzi. Watu walipanda mpaka juu ya mabehewa. Papa alinishika mukono, tukasukumwa pamoja mpaka ku mulango, na pale akaniachilia. Nilizani ni watu wametutenganisha. Ni yeye. Alisema: "Mi nimekwisha kuitwa mugeni pahali nilizeekea. Wewe nenda na watu wa mama yako." Halafu akapanda, na mufuko ya bitu yangu akanirushia kwa dirisha. Alikuwa amefunga bitu yangu peke yake tangu mwanzo. Mi sikuona.

Niko kwa Rehema, muke wa Kasimu. Kasimu anasema yeye ni mutu wa Maniema, na kesho wanaweza kumuandikia ku mulango na yeye pia, lakini leo mulango ni safi, niingie. Silali inje, ninakula. Usiwe na mawazo juu ya tumbo.

Iko treni ingine inasemekana inakuya mwisho wa mwezi wa ine. Nikikosa hati nitapanda hiyo, nimutafute papa. Siwezi kukaa mu nyumba ya watu nikiwaletea hatari.

Sikukasirikie. Niandikie tu neno moja, ndiyo ao hapana.

Tshiela


Kapesha, tarehe 30 mwezi wa tatu 1993

Muipwa,

Ndiyo.

Fungua hii bahasha polepole, hati iko ndani, Kasimu ameapa kwa Mungu wake kwamba hataikalia. Angalia jina: Tshiela Huguette, kuzaliwa Kapesha, mama Bilonda, wa hapa. Na kashe. Umeiona? Sasa kaa chini nikueleze, na hii mara mamba hakuna.

Nilirudi siku ya soko, juu nilitaka biro ijae. Ilijaa: wazee, bamama, batu wa kodi ya mbuzi. Mukalay aliponiona akanisalimia kwa matusi, na mi nikamujibu, batu wakaanza kufurahi. Kashe ilikuwa ku meza, karibu na kitambaa yake ya wino. Nilikuwa ninamutukana nyanya yake, na mukono yangu ilikuwa inatembea. Nikaishika. Nikaiweka mu kwapa.

Nikasema, "Hii ni yangu, Mvua. Nimeichukua kwa utani."

Wazee wakapiga makofi. Mukalay akazunguka meza, na mi nikazunguka, tukazunguka sawa majogoo, yeye akiniita uyoga wa sumu, mi nikimuita manyunyu ya kiangazi. Mama wa mihogo akasema utani ni utani, kitu imekwisha kuchukuliwa, asirudi kulia. Nikamwambia Mukalay kashe yake nitaiachilia pahali pamoja tu, juu ya karatasi ya muipwa wangu.

Pale uso yake ilibadilika. Alinikaribia sawa mutu anataka kunipiga, akaniambia mu sikio: "Piga wewe mwenyewe, Kabemba, kwa mukono yako, na hawa wote waone. Wakubwa wakiniuliza nitasema mutani alininyang'anya. Hakuna mutu anafungwa juu ya utani."

Akavuta mutoto ya meza. Muipwa, hati ilikuwa mule imekwisha kuandikwa. Mwandiko yake muzuri, sahihi yake chini. Inawezekana aliiandika tangu siku ile ya kwanza, akaifungia, akingoja sijue nini. Ilikosa kashe tu, kwa sababu mwenye kupiga kashe njo anaulizwa na wakubwa.

Nikapiga. Iko upande kidogo. Nguvu ilikuwa nyingi, meza ikasogea.

Sasa kimbilia paspoti yako. Na mbele ya kuvuka upite hapa. Mutoto hatoke inchi bila mujomba kumupuliza maji na kumupaka pemba ku paji. Udongo mweupe ninao, niliuchimba mwenyewe ku mutoni. Kasimu anakuya huku kuchukua makaa ya kupikia siku ya mungu, Jumapili ya mwisho ya mwezi wa ine. Panda naye. Nitakuwa nimesimama ku barabara na mugini yote nyuma yangu.

Kabemba Gracien, Uyoga


Zambia, ku shule ya masista
Tarehe 9 mwezi wa tano 1993

Mujomba,

Nimefika. Ninaandika neno hili na mukono haiamini.

Yule mama wa biro alishika neno yake. Aliangalia kashe iliyolala upande, akainamisha kichwa na yeye, akauliza nani aliipiga. Nilisema mujomba wangu. Akacheka kidogo, akaandika. Paspoti ilitoka Lubumbashi kabla ya treni ile ingine. Ku mupaka, soda, askari wa pale, alisoma jina ya papa mara mbili. Kisha akasoma pahali pa kuzaliwa, akauliza Kapesha iko wapi. Nilisema karibu na Nzilo, mu mugini ya mujomba wangu, mutu mwenye kufungua maji. Sijue juu ya nini nilisema vile. Akapiga muhuri. Upande ule ingine nikakaa mu majani, nikalia na kucheka pamoja, na Kasimu akasimama akinifunika na kivuli yake, akisema tumevuka, mama, unaweza kusimama, tumevuka.

Na papa yuko. Barua yake ilipitia kwa padri. Alifika amekonda, amepata pahali pa kulala kwa mutoto wa ndugu yake, na anatengeneza mashini ya kusaga. Anasema kule wanamuita "mutu wa Katanga". Anacheka nayo.

Hapa tunavaa nguo za bluu. Juzi nilishika mutoto mwenye alitoka tu kuzaliwa. Alikuwa anateleza kama samaki.

Sasa neno ingine, na ninaiandika kwa uchungu, juu yako njo nimepata haya yote.

Nilipita Kapesha ile siku ya mungu. Nilivaa kanzu ya kanisa. Mama Mianda alinipokea, akanipa bukari, ile ugali yetu, na samaki, akasema umeitwa ku baraji, wazungu wametuma mutu kukuita. Alisema akiangalia sufuria. Nilikungoja mpaka Kasimu akapiga honi mara ya tatu. Kiatu yako ilikuwa ku mulango, mujomba. Kofia yako ilikuwa ku musumari. Mutu anaenda kwa wazungu miguu wazi, bila kofia?

Mu barabara hapakuwa mutu. Bamama wawili walinong'onezana wakaingia mu nyumba. Nilikuwa nimekwisha kuona watu wakinong'onezana vile, Kolwezi, kabla makaa haijaandika ku mulango. Nilipanda kamio bila maji na bila pemba.

Niambie kama ulinikimbia. Nitaelewa. Kuonekana na mutoto wa Kabeya ilikuwa hatari, na wewe ulikuwa umekwisha kujiweka mbele kwa ile hati. Sitapunguza shukrani hata kidogo. Nataka tu kujua kama niko na mujomba, ao niko na mutu mwema mwenye alinisaidia mara moja.

Tshiela


Kapesha, tarehe 27 mwezi wa tano 1993

Muipwa wangu,

Barua yako nilisoma peke yangu. Batu walikuya kusikiliza, niliwafukuza.

Nilianza kukujibu mara nyingi. Ya kwanza nilikueleza namna ukuta ya baraji ilianza kupasuka ile asubuhi, na mi nikaisimamia kwa mugongo mpaka mainjinia wakafika. Ilikuwa barua muzuri. Mama Mianda aliniuliza ninaandika nini, nikamusomea, akaichukua na kuwashia moto. Alisema mutoto amekuuliza kama yuko na mujomba, na wewe unamujibu na simenti. Kisha akasema nisipoandika kweli, yeye atamupa Kasimu maneno kwa kinywa, na Kasimu ataisimulia mu njia yote mpaka mupaka. Basi.

Ku baraji sikuenda. Wazungu ba pale, wenye walibaki, hawanijue. Nilikuwa mu jiko, nyuma ya ukuta, hatua kidogo tu na pale ulikuwa unakula. Nilikuona. Kanzu ni ya Bilonda, ile ya kola nyeupe, mulipunguza ku mikono. Uliacha kichwa ya samaki, sawa yeye.

Kabla ya siku ile, Jumamosi, siku ya posho, nilifua nguo juu yako. Nilitaka unikute safi. Patalo, ile suruali ya kijivu, nilianika ku lupango, uzio ya nyumba, nikakaa mu kivuli ikauke. Njo Mukalay akapita na kinga, anatoka kuandikisha mihogo. Akasimama. Akaangalia patalo, akaangalia mi. Akasema, "Uyoga, deni ya utani hailale." Akaikunja muzuri, akaiweka ku kinga, akaniaga kwa heshima. Na bajirani wote walikuwa pale. Ningefanya nini? Ningekasirika niaibishe ukoo? Nilicheka. Nilicheka mpaka alipotea kwenye kona, kisha nikaacha kucheka.

Muipwa, mi patalo niko nayo moja.

Bale bamama wawili hawakusema neno ya baba yako. Walijua mi niko wapi na nimevaa nini, na waliingia mu nyumba juu ya kucheka. Mugini yote nilikuwa nimeikataza kutoka, kwa kuogopa mumoja atakuambia. Kama ningejua ile barabara tupu itakuonyesha nini, ningetoka. Ninakuapia kwa kaburi ya Bilonda ningetoka vile vile.

Wewe uko Uyoga. Hakuna mutu wa Kapesha aliuliza ingine. Mukalay mwenyewe akipita anauliza: "Mutoto wetu alivuka?" Anasema wetu. Nilimusomea pale unaandika juu ya kashe iliyolala upande, akatoa miwani, akaipanguza, kisha akanitukana vizuri sana.

Na maji nilikupuliza. Wakati Kasimu anapiga honi ya tatu, nilijaza kinywa na maji ya mutungi, nikapuliza kupitia tundu ya ukuta, kule mugongo yako ilikuwa inaenda. Ingine ilimwagikia kuku. Pemba nimeweka mu hii bahasha, imefungwa mu jani ya mugomba. Jipake mwenyewe ku paji, asubuhi, mbele ya kusema na mutu, na useme jina ya mama yako. Itashika. Mujomba akiruhusu, inashikaka.

Nenda uzalishe bamama ba watu. Andikia baba yako kwamba shemeji anamusalimia, na hii mara hakuna matusi.

Na kwa sababu uliomba kweli, chukua na hii ya mwisho: Mukalay hajairudisha bado. Njo maana siendi ku soko, na Kasimu anafuata barua mpaka ndani ya nyumba. Hapa ninapoandika nimekaa ku kiti nimefunga kikwembe ya mama Mianda, ile kitenge ya kuku na bifaranga byake, na ninaifunga vibaya, inanianguka.

Mujomba wako,
Kabemba Gracien